Sanduku la Kutoa Njia

Redio yangu iliungua wiki iliyopita. Ilitoa moshi mwembamba, kisha ikaja ile harufu: vanishi ya waya iliyopata moto, tamu kidogo na chungu kidogo, kama sukari iliyosahauliwa jikoni. Nilikaa kitandani nikainusa, wala sikuinuka kuichomoa. Ndugu yangu mdogo, anayesomea ufundi wa elektroniki chuoni, ndiye aliyeingia mbio akaivuta waya na kunigombeza.

"Dada, ungeiacha iteketeze nyumba?"

Akaifungua palepale juu ya meza ninayoandikia, akaichokonoa kwa muda, akashindwa. Nadhani aliona haya kushindwa mbele yangu, maana alitoa daftari lake la chuo akaanza kunionyesha michoro, kama mtu anayetaka kuthibitisha kwamba ada haiendi bure. Mmoja ulinikamata. Transista mbili zilikuwa zimetazamana, na waya mbili zimepishana katikati, kila moja ikitoka kwa huyu na kwenda kumshika yule.

"Hii ni flipuflopu," alisema. "Ndiyo kumbukumbu ndogo kuliko zote. Inakumbuka jambo moja tu, ndiyo au hapana. Huyu akiwaka anamzima mwenzake. Na kwa kuwa mwenzake amezimwa, huyu anaendelea kuwaka. Ukimgusa, wanabadilishana. Ukiondoa kidole, wanabaki vilevile mpaka uwaguse tena."

"Na stima ikikatika ikarudi, nani anaanza?"

Alinitazama. "Hilo mwalimu alitufundisha mwisho kabisa. Wewe umelijuaje?"

Nilipolijua, yeye alikuwa bado tumboni mwa Mama.

Wakati ule wa vita tulikaa Kisauni, kwenye vyumba vya wafanyakazi wa machimbo ya mawe, si mbali na Ziwa la Ng'ombe. Baba alikuwa mtu wa Rabai. Mvua zilipokataa mara ya pili, alifunga mlango wa nyumba yetu kwa kamba, akatushusha pwani, mimi na Mama, akapata kazi machimboni. Mawe ya matumbawe yalikatwa kwa sururu na baruti, yakasagwa, yakapakiwa kwenye malori kwenda kutengeneza barabara za jeshi. Vumbi lake lilikuwa jeupe na laini kama unga. Lilikaa kwenye nywele, kwenye kope, kwenye sima, ndani ya mikunjo ya shuka. Watu wa rika langu waliokulia Mombasa wakiikumbuka vita hukumbuka taa kufunikwa usiku na askari wa kila rangi. Mimi hukumbuka uchovu wa watu wazima. Walitembea kama watu waliobeba kitu ambacho hakuna aliyekiona, na walipoketi walikitua kwa pumzi moja ndefu, na walipoinuka walikibeba tena.

Njia ya kutoka machimboni ilipita katikati ya mwamba. Walikuwa wameukata mwamba ule kama unavyokata mkate, pande mbili zikasimama kama kuta, na katikati nafasi ya lori moja tu. Tena palikuwa na kona, kwa hiyo aliyesimama mwanzo wa njia hakumwona aliyesimama mwisho wake. Baba alilinda upande wa machimbo, yanakotoka malori yenye mawe. Upande wa barabara, yanakoingia malori matupu, alilinda Mzee Hamisi.

Mzee Hamisi alikuwa mwenyeji wa Kisauni hasa, mtu wa kofia safi hata katika vumbi lile. Alimzidi Baba kwa umri wa kutosha kumzaa. Mwanawe wa pekee alikuwa amekwenda na jeshi Burma na barua zake zilikuwa zimekoma. Sisi watoto tulimwita Babu. Kila asubuhi, kabla ya kazi kuanza, Baba aliipita njia yote ya mwamba kwa miguu ili akamsalimu, kisha akairudia njia yote kwenda mahali pake. Wakati mwingine alinichukua.

"Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba, mwanangu. Umeamkaje?"

"Salama. Labda wewe."

"Mimi, wallahi, nimeamka jiwe. Vumbi hili likiendelea, siku nikifa hamtakuwa na haja ya kunizika. Mtanisimamisha tu ukutani. Na mama watoto?"

"Hajambo. Mzito tu."

"Mungu atamfungua kwa wema, inshallah." Kisha macho yake yananishukia mimi. "Na huyu Dama, mbona salamu yake siisikii?"

"Shikamoo, Babu."

"Marahaba. Imechelewa, lakini nimeipokea."

Kati ya hawa wawili palikuwa na sanduku. Lilikuwa la mbao, limetundikwa ukutani kwenye kibanda cha Baba, na waya zake zilikwenda mpaka upande wa Mzee Hamisi zikining'inia kwenye vigingi vilivyopigiliwa mwambani. Kila mlinzi alikuwa na taa moja na kitufe kimoja. Taa ikiwaka kwako, njia ni yako: pitisha lori. Taa ikiwa imezima, ngoja. Lori likitokeza upande wa pili, mlinzi wa kule hugonga kipande cha reli kilichotundikwa, na mlio wake ukakufikia kupitia mwambani, ukajua njia ni tupu. Hapo ndipo ulipobonyeza kitufe. Taa yako ikazima, ya mwenzako ikawaka.

Aliyelitengeneza alikuwa Fundi Mwakio, Mtaita mwembamba mwenye meno ya mbele yaliyoachana, ambaye stima alijifunza jeshini. Kila Ijumaa alikuja kulisafisha kwa kitambaa, na mimi nilishika kifuniko. Aliniita Bibi Mkaguzi.

"Haya, Bibi Mkaguzi, tazama bila kugusa. Ukigusa utacheza ngoma usiyoijua."

Ndani mlikuwa na miviringo miwili ya waya wa shaba iliyopakwa vanishi, na harufu yake kwenye joto la mchana ndiyo ile iliyonijia wiki iliyopita. Mbele ya kila mviringo palikuwa na ulimi wa chuma uliozuiwa na springi. Stima ikipita kwenye waya, mviringo unakuwa sumaku na kuuvuta ulimi wake.

"Ulimi ukivutwa unafanya mambo mawili," Fundi alisema, akielekeza kwa ncha ya bisibisi. "Unawasha taa ya upande wake, na unakata njia ya stima inayokwenda kwa mwenzake. Basi mwenzake analala. Na kwa kuwa amelala, hakati njia ya huyu. Umeona? Aliyeamka anamlaza mwenzake, na aliyelala ndiye anayemwacha aliyeamka abaki macho. Wameshikana hivyo, hakuna haja ya mtu kukaa na kidole juu ya kitufe kutwa nzima."

"Na kitufe?"

"Kitufe kinamkatia stima aliyeamka. Kidogo tu. Springi inamrudisha, njia ya mwenzake inafunguka, mwenzake anavutwa, na akishavutwa anamfungia yule wa kwanza. Ondoa kidole, mambo yamebaki hivyohivyo. Babako akibonyeza, anamtoa Mzee usingizini na kujilaza yeye." Alicheka kwa meno yake yaliyoachana. "Nimeliunda hivyo makusudi. Katika sanduku langu mtu hawezi kuchukua njia. Anaweza kutoa tu."

Mimi niliwaona kama madada wawili kitandani, na niliyemhurumia hakuwa aliyelala. "Huyu aliyeamka hachoki?"

"Chuma hakichoki, bibi. Anayechoka ni babako."

"Na stima ikikatika?"

"Wote wawili wanalala."

"Ikirudi, nani anaamka kwanza?"

Fundi alizipangusa zile ndimi mbili kwa kitambaa chake. "Funga kifuniko," alisema, "vumbi linaingia."

Mchana stima ilikatika kila siku, kwa muda wa pumzi mbili tu. Mtu wa injini za kuzalisha stima alipumzisha injini moja na kuwasha nyingine. Wafanyakazi walisema imekonyeza, wakaendelea na mambo yao, kwa kuwa taa za karakana na mashine ya kusaga zilirudi kama zilivyokuwa. Isitoshe, saa hiyo malori yalisimama watu wakala. Na Baba, kabla ya kunawa mikono, siku zote alikibonyeza kitufe chake. Hakutaka mzee arudi kutoka kuswali akakute amenyimwa njia. Kwa hiyo mchana ukiisha taa iliyowaka ilikuwa ya Mzee Hamisi, na hakuna aliyejiuliza kwa nini. Tulijua kwa nini. Ilikuwa ni adabu ya Baba.

Siku ninayoisema ilikuwa siku ya haraka. Msimamizi, Mzungu mwenye shingo nyekundu aliyejua Kiswahili cha kuamrisha tu, alisema malori hayatasimama mchana. Nilipofika na chakula, Baba alikuwa ametoka kupitisha lori lenye mawe, na taa yake inawaka. Safari hii hakubonyeza kitufe, kwa sababu mlio wa reli ulikuwa haujasikika. Lori lilikuwa bado ndani, likipanda polepole.

Nilimwagia maji mikononi. Akafumba macho akaanza kuomba, na maji bado yanamdondoka vidoleni.

Sala ya Baba juu ya chakula ilikuwa ndefu. Aliwataja watu wa nyumbani, mvua, walio vitani, mtoto wa Mzee Hamisi, mtoto aliyekuwa njiani kuja. Mimi nilikuwa nimeshafunzwa mara nyingi, na mara moja kwa kofi, kwamba anayefumbua macho wakati wa sala anamwibia Mungu. Lakini sahani ilikuwa na sima na mboga ya mchunga, na nilitaka kuona kama Mama ametia samaki. Nilifumbua. Na nilipoinua macho kutoka kwenye sahani niliiona taa inazima.

Sikusema. Mtu hasemi katikati ya sala.

"Amina," alisema Baba. Akaitazama taa. "Imekatika tena." Akamega sima.

Hakuwa amefikisha tonge la tatu tuliposikia chuma kinaparuza mwamba. Haukuwa mlio mkubwa. Ulikuwa mrefu, wa kukereza meno, kisha kimya, kisha sauti ya mtu akimwita mama yake kwa Kikamba.

Lori lenye mawe na lori tupu yalikuwa yamekutana konani. Dereva wa lile lenye mawe alilivuta ukutani ili asimponde mwenzake, na mkono wake ukabanwa kati ya mlango na jiwe. Walimtoa akiwa hai. Mkono ulikuwa umevunjika mahali pawili.

Alasiri tuliitwa wote mbele ya ofisi ya mabati. Mama alikuja akiwa ameshika kiuno. Msimamizi alisimama ngazini, na aliyoyasema yalikuwa mafupi na hayakuwa na tundu la mtu kupenya. Sanduku halibadiliki bila kitufe. Njia ilikuwa ya Yeremia, ndiye Baba. Kama taa ya Hamisi iliwaka, basi Yeremia alibonyeza wakati lori lake liko ndani. Kama haikuwaka, basi Hamisi alipitisha lori bila taa.

"Mmoja wenu ataondoka leo," alisema. "Kazini na chumbani. Nani?"

Nilimwona Baba akifikiri, na sasa nayajua aliyokuwa akiyafikiri. Alijua hakubonyeza. Kwa hiyo, kwa hesabu yake, mzee ndiye aliyekosea: macho ya uzeeni, jua limepiga kioo, akadhani taa inawaka. Baba hakuweza kusimama mbele ya Mzungu na malori na watu wote akamtia mzee yule hatiani.

"Ni mimi, bwana," alisema. "Nilibonyeza."

"Muongo!" Mzee Hamisi alipiga fimbo chini. "Hakubonyeza kitu huyu. Taa yangu ilikuwa imezima, nami nikapitisha lori. Niandike mimi."

Naye alikuwa amefanya hesabu yake. Aliiona taa yake inawaka kwa macho yake mawili. Kwa hiyo kijana ndiye aliyekosea, amebonyeza kwa mazoea ya kila mchana, kwa ile adabu yake. Na kijana ana mke mwenye mimba.

"Mzee wangu, usijitie."

"Nyamaza, mwanangu. Mkubwa anasema."

"Nimeshasema mimi kwanza, bwana, niandike mimi."

"Kusema kwanza ndiyo kusema kweli?"

Dereva mmoja nyuma aliangua kicheko. "Leo kosa linagombaniwa kama nyama ya Krismasi!" Watu wakacheka kwa uchovu, na msimamizi akazidi kuwa mwekundu, kwa sababu maneno ya wawili hawa hayangeweza kuwa kweli yote mawili, na hakuna aliyekuwa akimsukumia mwenzake kosa.

Kumsikia Baba akisema uongo lilikuwa jambo geni kwangu kuliko malori kukutana konani. Nikasema, na sauti yangu ilitoka kubwa kuliko nilivyotaka, "Baba hakubonyeza. Alikuwa anaomba. Mikono yake ilikuwa na maji niliyommwagia."

"Dama!" Mama alinivuta.

"Wewe ulionaje," Baba aliuliza polepole, "na tulikuwa tunaomba?"

Mbele ya watu wote wale, swali lililoniuma ni hilo. "Sikuwa nimefumba macho, Baba. Taa ilizima yenyewe. Na mashine ya kusaga ilisimama ikaanguruma tena, lakini taa haikurudi."

Hapo Fundi Mwakio, aliyekuwa ameegemea mlango, alishika kichwa kwa mikono miwili. Alishuka ngazi, akanishika mkono, akaelekea kibandani, na umati ukatufuata. Alifungua sanduku, akamtuma mtu kwa mtu wa injini: zima, washa. Stima ilikatika, ndimi mbili zikaanguka kwenye springi zake. Stima ikarudi. Kwa nukta moja hakuna aliyemzuia mwenzake, kwa kuwa wote walikuwa wamelala, na kila mmoja akavutwa. Ulimi wa Mzee Hamisi ukafika kwanza. Ukamfungia mwenzake. Taa ya Baba ikabaki gizani.

"Tena," alisema Fundi.

Mara kumi. Na mara zote kumi aliwahi yuleyule.

Fundi aligusa springi kwa bisibisi. "Hii imelegea. Unywele mmoja tu, lakini imelegea. Basi huyu huamka kabla ya yule." Aliongea kwa sauti ya chini, kama mtu anayejisomea barua ya msiba. "Halikumbuki kitu stima ikishakatika, bwana. Kumbukumbu yake iko ndani ya stima. Ikirudi wanakimbizana upya, na wa karibu ndiye anayefika. Kosa ni langu." Kisha akaniinamia. "Siku ile ulinipa swali. Nilikujibu nini?"

"Ulisema nifunge kifuniko."

"Ndivyo nilivyosema," alisema Fundi.

Kwa hiyo hakuna aliyeadhibiwa. Baba na Mzee Hamisi walitazamana, wakashikana mikono, na kila mmoja akatazama chini, kwa kuwa kila mmoja alikuwa amemdhania mwenzake. Lakini msimamizi hakulitaka tena sanduku. Aliamuru jukwaa la mbao lijengwe juu ya kona, mahali mtu mmoja anapoona pande zote mbili, naye awe na bendera mbili. Mtu mmoja anatosha.

"Kati yenu abaki mmoja," alisema. "Mtaamua wenyewe. Jumatatu asubuhi nataka jibu."

Siku zilizofuata Baba alikwenda kwa Mzee Hamisi kila jioni, na mimi nyuma yake, nikawasikia wakirudia maneno yaleyale kama watu wawili mlangoni, kila mmoja akimwambia mwenzake atangulie.

"Kaa wewe, mzee wangu. Kwa umri huo nani atakupa kazi nyingine? Na kijana wako hayupo."

"Mimi kwangu ni hapa, Yeremia. Nina kibanda cha marehemu babangu, hakuna wa kunitoa. Wewe ukitoka chumba kile utamlaza wapi mzazi? Chini ya lori?"

"Tutarudi nyumbani."

"Nyumbani kuna nini? Kuna mvua?"

Wiki ile ile walikuwa wamekuja watu kutoka kwetu wakasema visima vinatoa tope. Na bado Jumapili alirudi kwa Mama akasema hawezi, hawezi kumpita mzee yule na kupanda jukwaani. Mama alikuwa amelala ubavu. "Basi mimi sina la kusema," alisema.

Jumapili hiyohiyo jioni nilikuwa bombani nikingoja ndoo yangu ijae. Nilisikia jina langu.

"Abee."

Mzee Hamisi alikuwa amevaa kanzu. Lile koti lake la kazi, la kaki, lenye namba mgongoni, hakuwa nalo.

"Sikiliza vizuri, mjukuu wangu. Nimetoka kwa msimamizi sasa hivi. Koti nimelirudisha. Mwambie babako kazi ni yake, na kama ananiheshimu asije kwangu kubishana. Asubuhi apande jukwaani. Umeshika?"

"Nimeshika, Babu."

"Niambie nilivyosema."

Nikamwambia neno kwa neno. Akanipapasa kichwa, akaenda zake polepole, akipiga vumbi kwa fimbo.

Nilipofika chumbani Baba alikuwa ameketi kizingitini, miguu ameinyoosha mbele, viatu kavivua. Miguu yake ilikuwa imevimba. Alikuwa amefumba macho, na vumbi limejaa kwenye mistari ya uso wake hata akaonekana mzee kuliko yule niliyemwacha bombani. Alisema, bila kufumbua macho, maneno aliyokuwa akiyasema mara nyingi wakati ule, maneno ambayo kila mtu mzima pale machimboni alikuwa na namna yake ya kuyasema:

"Siku nikiachana na kazi hii nitalala siku saba."

Nilikuwa na umri wa miaka minane. Sikujua kwamba mtu mzima anaweza kusema hivyo kuhusu jambo analoliogopa kuliko yote. Nilimwamini. Niliuona mlango umefunguliwa, na ujumbe wa Babu niliobeba mdomoni ndio ungeufunga tena. Nikimwambia, angesimama, angevaa viatu vile juu ya miguu ile, angepanda juu ya jukwaa akae macho kwa ajili ya pande zote mbili. Siku chache nyuma nilikuwa nimesema mbele ya watu wote na kusema kwangu kukamwokoa. Sasa nilidhani nimepata njia nyingine ya kumwokoa, tena rahisi zaidi. Niliitua ndoo. Nikanyamaza.

Jumatatu asubuhi Baba alilikunja koti lake kama nguo ya kanisani, akalipeleka. Alirudi kabla jua halijawa kali. Alitusimulia akiwa amesimama, kwa sauti ya mtu anayesoma tangazo: kwamba alipoweka koti mezani msimamizi aliangua kicheko, akamwonyesha koti la pili, la Mzee Hamisi, kwamba Baba akaomba arudishiwe la kwake, kwamba msimamizi akasema amechoka na maonyesho yao, akaita mtu wa kwanza kati ya wale waliokuwa wamepanga mstari langoni tangu alfajiri. Kijana wa bara, mwenye nguvu. Alikuwa ameshapanda jukwaani.

Mama alikaa chini palepale alipokuwa.

"Mzee alilirudisha jana," Baba alisema. "Jana! Na hakuniambia." Alinigeukia. "Wewe ulikuwa bombani jana jioni. Hukumwona?"

"La, Baba."

Hilo ndilo neno. Nimeandika kurasa nyingi tangu wakati ule, na sijapata kuandika neno fupi lenye uzito kama lile. Baba na Mzee Hamisi walipoonana kuagana, sikujua waliyosemezana, kwa sababu nilijificha nyuma ya vyumba mpaka walipomaliza. Labda mzee alimwambia. Labda Baba alijua, akalibeba hilo pia pamoja na vile vitu vyake vingine visivyoonekana. Aliishi miaka mingi baadaye na hakuniuliza tena, nami nilikuwa kila mwaka nikijiambia nitamwambia mwaka huu, mpaka mwaka mmoja ukawa wa kumzika.

Lakini mchana ule wa Jumatatu nilikuwa bado nangoja jambo jema. Chumba kilikuwa chetu mpaka jioni. Mama alikuwa nje akifunga masufuria kwa kamba, akisimama kila mara kushika kiuno. Baba alijilaza juu ya mkeka, chali, mikono juu ya kifua. Nilichukua kipepeo cha ukili nikaketi karibu na kichwa chake, nikampepea, nikafukuza nzi, kwa uangalifu wote wa mtoto anayefanya kazi aliyoitaka mwenyewe. Niliwaza siku saba. Niliwaza kwamba nitampepea zote. Nzi mmoja alitua kwenye paji la uso wake, nami nikamwondoa taratibu ili nisimshtue.

"Amelala?" Mama aliuliza kutoka nje.

Nilimwinamia Baba. Macho yake yalikuwa wazi, makavu, yanatazama mabati.

"Bado," nikasema, nikaendelea kupepea.